Onja Kwanza, Mkwe

Kasulu,
18 Agosti 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kama mguu bado unakusumbua, Mungu akuondolee. Mimi ni mzima. Shangazi yangu wa Kagerankanda amevuna mihogo mingi mwaka huu na anakusalimu, ingawa najua salamu zake huzipokei.

Paroko alitukataza simu, ukakubali na mimi nikakubali, maana mara ya mwisho tulipopigiana wewe ulinitukana mbele ya majirani zako na mimi nikakutukana mbele ya wapishi wenzangu. Alisema tuandikiane, kwamba mtu akishika kalamu hasira hupata muda wa kupungua. Nimeshika kalamu. Haijapungua, lakini najitahidi.

Jambo lenyewe unalijua. Stanislaus, mume wangu na mwanao, alipofariki Krismasi ya mwaka 2022, tulimzika kwako Kumsenga, ukaniambia nimwache Sophie muhula mmoja tu mpaka nipate pa kuegemea. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Muhula huo sasa una mwaka na miezi minane. Kazi ninayo, napika kwenye hosteli ya wanachuo hapa mjini. Nyumba ninayo, vyumba viwili, na choo chenye mlango. Shule nimeongea nayo, na mwalimu mkuu amesema Sophie ataanza darasa la tatu Januari, mradi aje na barua ya uhamisho kutoka shule ya huko. Barua hiyo hawaitoi bila wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwandikisha.

Naomba pia aje mapema, shule zikifungwa tu, tupike biskuti za Krismasi. Kwetu sisi watatu hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yenyewe. Wiki nzima nyumba inanukia, aina tano: za tangawizi, za asali, za kahawa ya Manyovu, za maziwa, na zile za karanga na unga wa muhogo zisizo na sukari, ambazo nilikuwa nampikia baba yake peke yake kwa sababu ya ugonjwa wake. Sophie kazi yake ilikuwa kukata duara kwa mdomo wa kikombe. Alikuwa hataki mtu mwingine akishike.

Tarehe 30 anatimiza miaka minane. Pamoja na barua hii nimetuma kopo la biskuti za tangawizi, arobaini. Saady wa ofisi ya vifurushi pale stendi ya Kibondo atakukabidhi. Naomba azile yeye.

Mkweo,
Skolastika

*

Kumsenga,
9 Septemba 2024

Mama Sophie,

Marahaba, na mwakeye, kama tusalimianavyo Waha. Mguu wangu upo, unauma, ahsante kwa kuukumbuka kabla ya kuomba. Hapa tumevuna kidogo, mbuzi ni wazima, na Tharsisi ameezeka upya nyumba yake hapa jirani. Huyo ndiye mtoto wa kiume niliyebaki naye.

Kopo lako lilifika. Nililifungua mtoto akiwa amesimama pembeni. Biskuti arobaini, zote nzima, zimepangwa vizuri kama za dukani. Hakuna hata moja uliyoigusa. Wewe umezaliwa Buha kama mimi, usijifanye umeletwa na ndege. Unajua kwamba anayetoa huonja kwanza. Mwenye pombe hunywa funda la kwanza, mwenye chakula humega tonge la kwanza, mgeni aone kwamba ndani hakuna kitu. Mapadri waliikuta desturi hiyo na hawakuikataza. Wewe umetuma chakula kutoka mbali, kwenye nyumba hii, baada ya yaliyotokea kwenye nyumba hii, na hukuonja.

Kwa hiyo nilimpa kuku. Nilimfunga mguu kwenye nguzo ya jiko, nikamsagia biskuti mbili, nikamtazama siku tatu. Hajafa, anataga. Lakini siku ya tatu zilizobaki zilikuwa zimeingia unyevu, nikazitupa shimoni. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

Mjukuu wangu hajambo. Anakula, anakua, ameshika namba ya nne darasani. Hapa ni kwa baba yake, na kaburi la baba yake lipo hapa. Barua ya uhamisho sina ya kumpa mtu.

Mama mzazi wa marehemu,
Niyitegeka

*

Kasulu,
25 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, wanachuo wamerudi na wanakula kana kwamba likizo nzima walifunga. Nashukuru kwa habari ya namba ya nne. Nashukuru pia kwamba kuku hajambo, umeniandikia habari zake kwa urefu kuliko za mwanangu.

Umesema sikuonja. Ni kweli. Nilizipanga nzima kwa sababu zilikuwa za siku ya kuzaliwa, na mtoto hupenda kitu kizima. Kosa ni langu na nimelirekebisha. Ndani ya kopo hili kuna biskuti thelathini za asali, tena asali ya huko kwenu Kibondo ili usiseme nimeitoa kusikojulikana. Kila moja nimeiuma. Nilikaa jikoni baada ya chakula cha mchana nikauma moja baada ya nyingine, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikawaambia natimiza desturi ya ukweni. Kama una shaka na meno, lile la mbele lililokatika kona unalikumbuka. Utalikuta kwenye kila biskuti.

Sasa mpe mtoto. Kuku mpe mahindi.

Na jambo jingine. Nimekwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Ameniambia mama akiwa hai, ana kazi na ana pa kulala, bibi hawezi kumzuia mtoto. Alitaka kuandika barua siku ile ile, nikamwomba asubiri. Sitaki Sophie atolewe uani kwako na watu wa ofisi huku analia na majirani wanachungulia. Nitasubiri hadi Krismasi. Usidhani nasubiri kwa sababu naogopa.

Skolastika

*

Kumsenga,
4 Novemba 2024

Mama Sophie,

Mwakeye. Barua yako ilikaa wiki nne juu ya kabati. Mvua zimewahi, tulikuwa mashambani, na sikuwa na hamu nayo. Mtoto alipata mafua akapona. Tharsisi anakusalimu, nimeandika kwa sababu ameniomba niandike.

Makombo yako yalifika. Nimeishi miaka sitini na sita, nimezika mume na mwana, na sijawahi kutumiwa chakula kilichoumwa. Nilitaka kumpa mbwa. Mtoto alilichukua kopo kabla sijasema neno, akaenda nalo nyuma ya zizi. Nilipomfuata nilimkuta anaweka meno yake kwenye alama za meno yako, anauma pale pale ulipouma. Sikumchapa. Kopo tupu narudisha, sitaki likae kwangu.

Sasa nitasema, kwa kuwa umenitajia ofisi. Mwanangu alifika hapa na ninyi tarehe 24 Desemba ile kwa miguu yake. Siku ya Noeli alitoka kanisani akakaa barazani, kopo lako la biskuti za karanga magotini, anakula na kucheka. Jua halijazama alikuwa anatapika na kuomba maji, maji, maji. Asubuhi tukampakia kwenye gari la kukodi, hakufika hospitali. Daktari aliandika kwamba ni kisukari. Watu wa hapa hawasomi karatasi za daktari, wanaangalia mtu alikula nini na kwa mkono wa nani. Mimi nimewaacha waangalie. Na nimeangalia pia.

Unamtaka mtoto. Basi njoo tarehe 24 Desemba upike hapa uani kwangu. Unga nitanunua mimi, sufuria itakuwa yangu, na wanawake wa jumuiya yetu watakaa watazame mikono yako. Pika aina zako zote tano. Ule wewe kwanza, kila aina. Ukila ukalala ukaamka, tutazungumza habari ya uhamisho. Ukikataa, kila mtu atajua kwa nini umekataa. Huyo afisa wako mlete naye, atakula.

Mama mzazi wa marehemu,
Niyitegeka

*

Kasulu,
20 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mvua na hapa zimekolea, paa langu linavuja upande wa jikoni, nimeweka beseni. Sare ya Sophie nimeshashona. Nilikisia urefu, kwa kuwa sijamwona tangu Pasaka, na Pasaka yenyewe ulinipa nusu saa.

Nitakuja. Nitapika kama mshitakiwa, kwa kuwa ndivyo ulivyotaka, na nitakula kwanza. Ila uandae vizuri, zisije zikaharibika ukasema ni mkono wangu. Nataka mchanga mkavu uliochekechwa, wa kutandika ndani ya sufuria kubwa, na bati jembamba la kuweka juu yake. Nataka mfuniko usio na mgongo ili mkaa ukae juu. Mkaa uwe wa mti mgumu. Tangawizi imenywe, ikatwe, ianikwe juani siku tatu ndipo itwangwe, maana mbichi hulainisha biskuti. Karanga zikaangwe bila chumvi. Kahawa najua hunywi, mtume Tharsisi akanunue.

Wakati wa ndoa yetu uliwaambia watu kwamba Stani ameoa mwanamke wa kupika vitu vya watoto. Nilikusikia. Leo unawakusanya watu hao hao waje waone vitu vya watoto vinavyoua.

Kuna jambo moja nalijua kuhusu siku zile. Sijamwambia mtu, hata paroko, hata shangazi yangu. Sikutishi. Nasema tu kwamba ukinikalisha mbele ya watu, unanikalisha nikiwa nalo mdomoni.

Skolastika

*

Kumsenga,
8 Desemba 2024

Mama Sophie,

Unga upo. Mkaa upo. Mchanga Tharsisi ameuchekecha, amelalamika siku nzima kwamba hajaona mtu anachekecha mchanga kama unga wa ugali. Tangawizi inakauka juu ya paa. Kahawa imenuka nyumba yote.

Jambo lako sijui ni jambo gani. Litoe au limeze.

Njoo na khanga zako, sina za kuazima.

Niyitegeka

*

Kasulu,
28 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nilifika jana. Tairi ilipasuka njiani tukakaa saa tatu kando ya barabara. Nyumba nimeikuta salama, na sare ya Sophie bado inaning'inia mlangoni nilipoiacha.

Nataka yaliyotokea yawe yameandikwa, kwa sababu kwa mdomo utayageuza. Tarehe 24 nilipika uani kwako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Wanawake kumi na mmoja walikaa kwenye mikeka. Uliwaambia watazame mikono yangu, na waliitazama kweli, hata nilipokwenda chooni mmoja alinisindikiza. Za tangawizi zilitoka kwanza na zilitoka vizuri. Za asali ziliungua pembezoni kwa sababu mfuniko wako umebonyea, mkaa ukakusanyika upande mmoja. Za kahawa wale mabibi waliziogopa kwa rangi yake. Za maziwa Sophie alikata mwenyewe, mkono wake bado unajua, lakini hakuniongelesha hata neno kwa sababu ulimkataza, na mimi sikumwongelesha nisije nikamponza. Mwisho nikakanda zile za karanga na unga wa muhogo. Hapo uliinuka mlangoni ukaingia ndani. Wenzako walidhani ni mguu.

Nilikula moja ya kila aina, mdomo wazi, waone nimemeza. Nikalala kwako, nikaamka. Nikaenda kanisani nikakaa nyuma. Tuliporudi wanawake walikuja wakala, wakafunga na za watoto wao kwenye khanga. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mtu anayejua kupika hivi akitaka kuua hatumii chakula, angeharibu biashara. Wakacheka. Wewe hukucheka wala hukula. Tarehe 26, siku aliyokufa mume wangu, nilikuomba mtoto na barua kama tulivyopatana. Ukasema bado unafikiri, labda Pasaka.

Basi sasa nalitoa.

Mwanzoni mwa Desemba ile Stani alikuja kwako kusaidia kupanda. Alirudi na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ndani maji meusi. Aliniambia ni dawa ya tumbo, umempa wewe. Nikaamini, maana hakuwa na tabia ya kunidanganya. Baada ya mazishi nilirudi Kasulu nikafungua chungu chenye mchanga wa maji, tulimokuwa tunaweka insulini isipate joto. Nilikuta vichupa vitatu na vizibo vyake, havijaguswa. Sindano zote zilikuwepo. Mwanao hakujidunga hata mara moja tangu arudi kutoka kwako. Alikuwa anakunywa maji yako.

Na kwenye lile gari la kukodi, wewe ukiwa umekaa mbele na dereva, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, alininong'oneza maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipoviona vile vichupa. Alisema, usimwambie mama, atajilaumu.

Nimekaa nalo miaka miwili. Watu wa Kumsenga waliniita muuaji na wewe uko hapo unasikia, nikakaa nalo. Ulimpa kuku biskuti za siku ya kuzaliwa ya mwanangu, nikakaa nalo. Tarehe 24 vichupa vile vitatu vilikuwa kwenye mkoba wangu, na nilikuwa nimeamua kuvipanga juu ya mkeka mbele ya wenzako na kukuuliza vimetoka wapi. Nilishindwa kwa sababu Sophie alikuwa amekaa katikati ya miguu yako unamsuka. Amefumba macho, ametulia. Nilichukia kuona kwamba ametulia.

Sijakusamehe. Nilikuficha tu, na kwa ajili yake yeye, si kwa ajili yako. Sasa kuficha kumekwisha. Tarehe 10 Januari nitakuja na afisa wa ustawi, na mkoba wangu ni ule ule.

Skolastika

*

Kumsenga,
5 Januari 2025

Mama Sophie,

Mwakeye. Mguu unauma. Maharage yametoka vizuri. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Hizo ndizo habari, nimezimaliza.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Ulipoandika Novemba kwamba una jambo mdomoni, nilijua ni lipi. Ningeweza kukuandikia usije, nikatafuta sababu, sababu hazikosekani. Sikukuzuia. Nilikaa mlangoni siku nzima nikisubiri ulitoe. Nilikuwa nimejipanga kulikana, na najua wangeniamini mimi. Hukulitoa. Ulipika tu, umeinama, jasho linakutoka. Nilikuchukia siku ile kuliko siku zote.

Ni mimi. Nilimwambia sindano humzoesha mtu, kwamba akianza hatoki. Nilichimba mizizi mwenyewe, nikaichemsha mwenyewe, nikamwambia anywe asubuhi na jioni na aviache vichupa vile. Nikamwambia asikwambie, kwa sababu wewe unaamini hospitali tu. Baba yake aliumwa miguu miaka ile, nilimpa mizizi hiyo hiyo akapona. Niliona ni ugonjwa ule ule. Hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya peke yangu.

Na kuna ambalo wewe hulijui, kwa sababu ulikuwa jikoni unachemsha uji wa mtoto. Pale barazani alipokuwa anaomba maji, nilimpa chupa yangu tena. Nikamshikia kichwa akanywa yote. Kisha nikaliona lile kopo lako sakafuni, biskuti zimemwagika, na watu wanaingia, wanalitazama. Mimi nikalitazama pamoja nao. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikusema neno siku ile, niliacha tu macho yangu yakae pale.

Jana Jumamosi jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala nilisimama nikawaambia. Nilisema Skolastika hakumuua mwanangu, nikasema chupa, nikasema mizizi, nikasema barazani. Walivaa viatu wakaondoka, chai ikabaki kwenye birika. Tharsisi alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kukaa kaburini kwa kaka yake mpaka mvua ikamtoa. Leo asubuhi hakuniamkia. Paroko atakuja kesho, mwenyewe sijui kama anakuja kwangu au kwa ajili ya watu.

Mtoto atakuja Jumanne tarehe 7, gari la asubuhi. Tharsisi atamleta, hilo amekubali, alikubali kwa kichwa. Barua ya uhamisho imo ndani ya daftari lake la hesabu na ina mhuri. Nguo zote nimezifua, usije ukasema zilifika chafu. Dagaa hali, usimlazimishe. Akilala hutupa blanketi. Akiamka huimba, na huimba vibaya, mwache aimbe. Nywele nimemsuka upya, zitakaa wiki mbili. Huyo afisa wako mwambie abaki ofisini kwake.

Kwa mtoto nimeshindwa. Nilimwita asubuhi hii nikamkalisha, akaniangalia, nikamwambia akavae viatu. Kwa hiyo itunze barua hii. Siku atakayokuuliza baba yake alikufa na nini, mpe aisome kwa mwandiko wangu. Usimsimulie wewe. Utaongeza chumvi, au utanihurumia, na huruma yako siitaki. Sikupendi, Skolastika. Sikukupenda ulipoletwa hapa na sitaanza leo, na najua na wewe ni hivyo hivyo, tusidanganyane kwa kuwa tumeandikiana. Lakini asije akakua akidhani mama yake alimuua baba yake, wakati aliyemuua alikuwa anamsuka nywele.

Akishasoma, kama bado atataka kuniona, njia anaijua. Asipotaka, usimlazimishe.

Niyitegeka